Altari ya Kahawa

Juzi jirani yetu wa hapa Nguba alimwaga maganda ya kahawa kwenye maua yake. Ameambiwa na mtu kwamba ni mbolea nzuri, na sina ubishi na hilo. Lakini ile harufu! Maganda mabichi yakishalala kwenye gunia yanatoa harufu ya kitu kitamu kilichoanza kuchacha, nusu ndizi za kutengenezea pombe, nusu udongo uliopigwa na mvua. Wenye nyumba za jirani walifunga madirisha kwa hasira. Mimi nilitoka nje na kikombe changu cha chai, nikaegemea ule ukuta wetu mfupi mweupe, nikavuta pumzi kwa nguvu mpaka mwanangu akaja kuniuliza kama naumwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Niko Nyantende."

Akaniangalia kama watoto wanavyotuangalia sisi wazazi siku hizi, kwa huruma, akarudi ndani.

Nyantende ilikuwa kwa Koko, ndivyo tunavyomwita bibi, mama yake Maman. Sisi wenyewe tulikaa mjini, Nyalukemba, kwa sababu Papa alikuwa fundi wa kujenga na kazi zake nyingi zilikuwa kwenye nyumba za kando ya ziwa. Lakini kahawa ilipoanza kuwa nyekundu, Maman alifunga vitenge vyake, akanishika mkono, tukapanda kwa Koko kwa msimu mzima. Wanawake wengi walifanya hivyo. Wengine walitoka vilima vya mbali, wakalala kwa shangazi, kwa dada, kwa mtu yeyote aliyekuwa na nafasi ya mkeka, wakachuma mpaka mti wa mwisho, kisha kila mmoja akarudi kwake. Mimi nilikuwa sijaanza shule, kwa hiyo msimu ule ulikuwa wangu wote. Nilinyonya matunda ya kahawa mpaka midomo ikanata. Nilitema mbegu kwa kushindana na watoto wengine, na nilikuwa nazitema mbali, msinione hivi.

Kazi ya kuchuma haikuwa mbaya. Kazi ilikuwa kubeba. Kahawa iliyochumwa ilitiwa ndani ya gunia, gunia likawekwa mgongoni, likashikwa na mugozi. Wewe uliyekulia upande huu unaujua mugozi: ule mkanda unaopita kwenye paji la uso na kuzunguka mzigo kwa nyuma, ukambeba mwanamke huku yeye akidhani anaubeba. Koko alikuwa ameuvaa tangu usichana wake, na kwenye paji lake palikuwa na mfereji mdogo ambao kidole changu kiliingia vizuri. Nilikuwa napenda kupitisha kidole pale akisinzia. Nilidhani kila mtu akizeeka anaota mfereji.

Na Koko alikuwa na sheria. Mwanamke wa kwetu hatui mzigo njiani. Anatwikwa na wenzake shambani, anashuka mpaka kijito, anapanda ule mlima wenye kona ya mikaratusi, anafika mahali pa kuoshea kahawa, hapo ndipo anatua. Akitua katikati ya njia, watu watamcheka mpaka msimu mwingine.

"Na akichoka?" niliwahi kumuuliza.

"Achoke akiwa natembea," Koko alisema. "Ukitua, nani atakutwika? Wenzako banaisha kupita. Utabaki pale na muzigo yako mukiangaliana."

Lazima niseme ukweli kuhusu jambo moja, kwa sababu bila hilo hamtanielewa. Mimi nilibebwa mgongoni mpaka umri wa aibu. Miguu yangu ilikuwa inaning'inia hadi magotini kwa Maman, watu walikuwa wanacheka njiani, na sisi wawili hatukujali hata kidogo. Pale nilikuwa nasikia sauti yake kupitia mgongo kabla haijatoka mdomoni. Akiimba, kifua changu kiliimba. Kama kuna mahali duniani niliwahi kuwa na kiti changu, kilikuwa pale.

Basi asubuhi moja, msimu ukiwa ndio umeanza, Maman aliinama kushika gunia lake chini, akageuka kidogo ili amwambie Maman Bea jambo la kuchekesha, na akabaki vile vile. Hakupiga kelele. Alisema tu "aah," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria kwenye moto. Wanawake walicheka kwanza, kwa sababu Maman alikuwa mtu wa mizaha na walidhani ni mmoja wao. Maman Bea, rafiki yake mnene mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Walimshika mikono na mabega, wakamnyoosha taratibu, na akarudi kwa Koko akiwa ameshikiliwa huku na huku. Nilifuata nyuma nimebeba ndara zake.

Papa alikuja kumchukua, akampeleka mjini kwa kine, yule fundi wa kunyoosha viungo na misuli. Mimi pia nilikwenda, kwa sababu nilikataa kubaki. Alikuwa kijana mwenye mikono minene na kicheko chepesi, na ukutani kwake alikuwa amebandika picha ya mifupa ya mtu mzima, kuanzia kichwa mpaka vidole vya miguu. Nilimwangalia yule mtu wa mifupa kwa muda mrefu. Niliamua kwamba alikuwa mchumaji wa kahawa aliyebeba mpaka nyama ikaisha. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Kine alimkanda Maman, akamgeuza, akamuinua mguu huu na ule, kisha akamkalisha.

"Maman," alimwambia, "gari iko na pièces za kubadilisha. Mugongo hapana. Hii njo ile ulizaliwa nayo, na njo hii utakufa nayo."

"Na msimu?" Maman aliuliza. "Mutoto anaanza shule mwaka huu."

"Msimu utafanya, lakini si namna ile. Usinyanyue kitu toka chini umejikunja. Usigeuke na muzigo. Gunia ipungue. Na ukichoka, utue, lakini usitue chini, tua pahali penye urefu wa kiuno, halafu ujitwike wewe mwenyewe umesimama. Ukiendelea namna ya zamani, mwaka kesho hautabeba kitu. Hata sahani."

Maman alikubali kwa kichwa. Halafu yule kijana akanionyesha mimi kwa kidole.

"Na huyu?"

"Huyu namubebaka," Maman alisema, na akaona haya.

"Huyu iko na miguu," kine alisema.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana mwema. Kwa akili yangu mambo yalikuwa wazi. Maman alikuwa na mgongo mmoja, na mgongo ulikuwa na nafasi moja. Kine alikuwa ameangalia gunia, akaniangalia mimi, akachagua gunia. Tulirudi Nyantende nikitembea kwa miguu yangu, na nilihakikisha kila mtu anaona jinsi ninavyochechemea.

Maman alipopata nafuu alirudi shambani na mambo mapya, na hapo ndipo furaha ya msimu ule ilipoanza. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa tunda, alisimama mbele ya wenzake akawafundisha alivyofundishwa: mikono juu, mabega nyuma, kiuno upande huu, kiuno upande ule, magoti yakunje, mgongo ukae wima. Siku ya kwanza wanawake walikuwa wanaziba midomo kwa vitenge. Siku iliyofuata Maman Bea akatia wimbo. Nani anaweza kuzungusha kiuno bila wimbo? Baada ya hapo hapakuwa tena na mazoezi, palikuwa na ngoma. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikahawa, na katikati yake unaona mikono ya wanawake inapanda na kushuka, unasikia vicheko, unaona makalio ya Maman Bea yanakwenda Burundi na kurudi. Sisi watoto tulisimama nyuma tukiiga. Wanaume waliokuwa wanapita kwenda mjini walipunguza mwendo, nao wakajifanya wanafunga kamba za viatu.

"Muko nachuma ao muko nacheza?" Koko aliuliza kutoka kwenye njia.

"Tuko namwagia mugongo mafuta, Maman!" binti yake akamjibu.

Walijifunza pia kuvuta matawi ya juu kwa kijiti chenye ndoano badala ya kujipinda, na kufunga kikapu kidogo kiunoni kwa mbele. Hayo yote Koko aliyavumilia. Lililobaki ni ule mlima. Gunia la Maman lilikuwa limepungua, lakini njia haikupungua, na ikifika kwenye kona ya mikaratusi nilikuwa namwona anaanza kushika kiuno kwa mkono. Hapakuwa na mahali pa kutua ila chini, na chini ndipo alipokuwa amekatazwa. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini mimi niliyekuwa natembea nyuma ya lile gunia, nikiliangalia kwa wivu limekaa kwenye kiti changu, niliona kwamba halikuwa usufi.

Jumamosi moja Papa alipanda kutoka mjini na mwiko wake, na chokaa iliyobaki kwenye ukuta wa tajiri mmoja wa Nguba. Alimsimamisha Maman kwenye ile kona, akamwekea kidole kiunoni, akaweka alama kwenye kijiti. Kidole kilikaa pale zaidi ya ilivyohitajika, nikasikia Maman anacheka na kumpiga begani. Kisha Papa akachanganya udongo, akapanga matofali mabichi, akajenga kitu kama meza nene, bapa kwa juu. Matofali yalipokauka kidogo alikipaka chokaa, ili kionekane hata kwenye ukungu.

"Papa, ni ya nini?"

"Utaona," alisema.

Watu wazima na "utaona" yao. Wangejua taabu inayozaliwa na neno hilo moja, wangekuwa wanaeleza.

Kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaona. Kesho yake kanisani, katekista alitangaza kwamba Dominika inayofuata ni sikukuu ya Mwili wa Kristo. Sakramenti itapandishwa kwa maandamano kutoka kapela hadi shuleni, na watu watengeneze altari njiani, ile ya chini na ile ya juu, ambapo Padiri atasimama na kubariki. Mwaka uliopita nilikuwa nimeyaangalia yote hayo nikiwa mgongoni kwa Maman: meza nyeupe kando ya njia, vitambaa, maua, watu wamepiga magoti kwenye vumbi. Sasa niambieni nyinyi. Meza nyeupe, kando ya njia ile ile, wiki ile ile, imejengwa na fundi. Ingekuwa nini kingine?

Na altari tupu ni aibu kwa familia. Mchana ule ule nilichukua kitambaa cha kufuma kilichokuwa kinafunika redio ya Koko, nikakitandika vizuri. Nilikusanya maua ya njano ya porini na yale meupe yanayoota kwenye maji ya kijito, nikayapanga kwenye makopo ya nyanya. Niliongeza kipande cha mshumaa. Ilikuwa nzuri, nawaambia. Hata leo nikifumba macho naiona. Kisha nikapiga magoti na kuomba ombi langu, kwa sababu mtu hawezi kumpambia Mungu bure.

"Yezu," nilisema, "toa ile gunia kwa mugongo ya Maman. Ile ni place yangu. Amina."

Jumatatu asubuhi wanawake walipanda na mizigo, Maman Bea mbele. Alipofika kwenye kona, ukungu ukafunguka kidogo, akaiona. Alisimama. Akakunja goti moja na gunia lote mgongoni, akafanya ishara ya msalaba. Wa nyuma yake akafanya hivyo hivyo, na mwingine, na mwingine. Maman alipofika akiwa tayari kutua, alikuta mstari mzima wa wenzake umeinama pale.

"Ni pa kutulia muzigo!" Maman alisema. "Papa wa mutoto njo alijenga!"

"Kahawa kwa altari?" bibi mmoja akauliza. "Wee Maman, na nappe ya meza? Na maua? Iyi nani aliweka?"

"Ni miye!" nilisema kwa sauti kubwa, nikisubiri sifa.

Na sifa zilikuja, hapo ndipo balaa lilipokuwa. Koko, ambaye hakuitaka ile meza tangu tofali la kwanza, alikuwa anapita na kuni zake. Aliangalia maua, akaangalia kitambaa cha redio yake, akaniangalia mimi. Sijawahi kumwona amekuwa mcha Mungu haraka vile.

"Mutoto mudogo namna iyi," alisema, "nani alimufundisha? Ni roho. Kama roho imesema, sisi tuko banani?"

Basi ikaisha. Wiki nzima hakuna aliyetua. Na zaidi ya kutotua, kila mwanamke aliyefika pale, mahali penye mwinuko mkali kuliko pote, alikunja goti na mzigo wake, akainuka tena kwa kuguna. Kine angeona angelia. Maman alijaribu siku moja kuondoa kitambaa, alikishika pembe, bibi mmoja akapaza sauti "Yooo!" kama ameona mwizi, naye akakiacha. Aliniangalia nikiwa nimesimama pale nimevimba kwa fahari. Nadhani angeweza kuwashinda wale bibi. Mimi alishindwa kunishinda.

Nilimsikia anaongea na Papa kwenye simu. "Nilikuomba meza, umejenga kanisa!" Papa alicheka mpaka nikamsikia kutoka nilipokuwa, halafu hakucheka tena, kwa sababu Maman alimwambia mengine kwa sauti ya chini. Mkono wake ulikuwa kiunoni tena. Ijumaa jioni, akiwa amelala chali kwenye mkeka, magoti juu, alimwambia Koko kwamba wiki inayokuja akiona mambo ni hayo hayo, anafunga vitenge na kushuka Nyalukemba. Msimu utamalizikia hapo, na shule yangu itangoja. Koko aliendelea na ungo wake. Alikuwa anapepeta maharage, na alipepeta mpaka yakawa safi kupita kiasi.

"Dominika utanibeba nione Sakramenti?" nilimuuliza Maman.

Alinishika shavu. "Mwanangu, mugongo haitaki."

Nilikwenda kulala nimemkasirikia Yezu. Nilikuwa nimemtengenezea kila kitu.

Dominika ilikuja na jua. Padiri wetu alikuwa mpya, mtu mnene mpole wa upande wa Uvira, kule ambako nchi inalala tambarare mbele ya ziwa lao, na vilima vyetu vilikuwa havijamzoea. Alibeba monstransi, kile chombo cha shaba kinachong'aa chenye Sakramenti ndani, kwa mikono yote miwili, ameiinua mbele ya uso, amefunikwa shali nzito mabegani. Wanaume walimshikia mwavuli mkubwa, kwaya ilikuwa inaimba, watoto wa komunyo walikuwa wanatupa maua. Alibariki kwenye altari ya chini vizuri. Lakini kutoka pale hadi shuleni ni mlima mtupu. Nilikuwa natembea karibu naye, chini kabisa, kwa hiyo niliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona: viwiko vya Padiri vilikuwa vinatetemeka. Jasho lilikuwa linashuka kutoka kidevuni. Kila hatua ile shaba ilishuka kidogo, na kila mara aliipandisha tena, akimeza mate.

Tukafika kwenye kona ya mikaratusi. Padiri aliinua macho akaona meza nyeupe, kitambaa, maua niliyokuwa nimeyabadilisha asubuhi ile. Sijui malaika anafanana na nini akitokea, lakini najua uso wa mtu anayemwona. Alikwenda moja kwa moja, katekista akimvuta shali kwa nyuma kumwonyesha kwamba altari iliyopangwa iko mbele. Padiri hakumsikia. Aliitua Sakramenti juu ya kitambaa cha redio ya Koko na akasema "aah."

Watu wote waliisikia. Ilikuwa ile ile "aah" ya Maman, ila hii ilikuwa inakwenda upande wa pili.

Akapiga magoti. Sisi sote tukapiga magoti. Ibada ndefu vile haijawahi kuonekana Nyantende. Kwaya ilimaliza wimbo, ikatafuta mwingine, ikaumaliza. Alipoinuka alikuwa anajikanda mkono kwa mkono, taratibu, na akamuuliza katekista kwa sauti aliyodhani ni ndogo:

"Nani alifikiria kujenga hapa?"

Watu wakamsukuma mbele Papa, aliyekuwa amepanda kwa ajili ya sikukuu. Papa angeweza kupokea baraka na kunyamaza. Mwanaume mwingine angefanya hivyo. Alivua kofia.

"Padiri, unisamehe. Si altari. Nilijenga pa kutulia magunia ya kahawa." Akamwonyesha Maman kwa kidole. "Bibi yangu, mugongo iko namuumiza. Kine alisema atue kwa urefu wa kiuno. Maua, ni mutoto."

Koko alivuta kitenge chake mpaka machoni. Mimi nilibaki nimesimama na kopo la nyanya, na kitu kikubwa kilikuwa kinajipanga upya kichwani mwangu, polepole: pa kutulia magunia. Mgongo wa Maman. Nilikuwa nimeomba gunia litolewe, mbele ya meza iliyojengwa ili gunia litolewe.

Padiri aliangalia meza. Aliangalia mlima uliobaki. Aliangalia mikono yake. Akaanza kucheka, tumbo lote, mpaka wenye mwavuli wakacheka na mwavuli ukayumba.

"Kumbe!" alisema. "Na mimi nilikuwa nimeisha kabisa, ndugu zangu. Hatua chache tena ningeanguka na Bwana mikononi." Akajifuta uso. "Njia ya msalaba, Yezu alipochoka, walimleta Simoni wa Sirene amsaidie mzigo. Kuna aliyesoma mahali kwamba Yezu alikataa?"

Hakuna aliyekuwa amesoma.

"Basi kesho mutue hapa. Yeye amepumzika, kahawa itakataa nini?" Kisha akainama, akashika monstransi, na kabla hajaiinua akamgeukia Papa: "Na pale juu zaidi, karibu na shule, jenga nyingine. Kwa ajili ya kahawa."

Maandamano yakaendelea. Watu walipita wakicheka na kuimba kwa pamoja, jambo ambalo ni gumu lakini linawezekana. Maman hakupita. Alikuwa amesimama mbele ya meza, anaipima kwa kiuno chake. Aliondoa makopo ya maua upande mmoja. Akaligonga tofali kwa kiganja.

"Panda," akaniambia.

Niliogopa. Bwana alikuwa ametoka pale sasa hivi.

"Padiri amesema nini? Panda."

Nikapanda, nikakaa kwa magoti. Tulikuwa tunalingana urefu, mimi na Maman, uso kwa uso, kwa mara ya kwanza maishani. Akanigeuzia mgongo. Hakuinama. Alikunja magoti kidogo kama kwenye ngoma ya asubuhi, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukanigusa kifua, akarusha kitenge, akafunga.

"Wee! Mugongo!" Koko alipiga kelele.

"Haijainama, Maman," alisema mama yangu, na sauti yake ilipita kifuani mwangu kabla haijatoka. "Angalia mwenyewe. Haijainama."

Alinibeba kutoka pale hadi shuleni tu, si mbali. Juu ya vichwa vyote niliona mwavuli, ile shaba inawaka, vitenge vya wanawake, na mbali kabisa kipande cha ziwa. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuimba. Kuna furaha nyingi nimezipata tangu hapo, na kila moja naipima na ile.

Jumatatu Maman alikuwa wa kwanza kutua gunia. Wenzake wakafuata, wengine baada ya kujifanyia ishara ya msalaba, na nasikia wako wanaofanya hivyo mpaka leo, na si vibaya. Alimaliza msimu wake akiwa wima. Papa alijenga ya pili, wengine wakajenga zao. Na wiki ile ile nilimkuta Koko peke yake pale kwenye kona, kuni zake zimelala juu ya meza, mugozi umeshuka shingoni, uso wake umepigwa na upepo.

"Niko naangalia tu kama iko nguvu," alisema.

"Iko nguvu?"

"Nitajua kesho," akasema, na kesho yake akatua tena.

Maman sasa anakaa na sisi hapa Nguba. Nywele zimekuwa nyeupe, mgongo umebaki wima. Na ule ukuta wetu mfupi, ambao wageni wanadhani ni wa kukalia, ndio wa mwisho Papa aliojenga kabla hajatuacha. Alimsimamisha Maman uani, akamwekea kidole kiunoni, kidole kikakaa.

Jioni ya yale maganda, Maman naye alitoka nje. Alivuta pumzi, akafumba macho, na sikuhitaji kumuuliza yuko wapi. Kisha akamwita mwanangu, akaugonga ukuta kwa kiganja.

"Panda."

"Koko, miye niko mukubwa!"

"Panda tu."

Akapanda, amenuna, amening'iniza miguu mirefu. Maman akamgeuzia mgongo bila kuinama, akarudi nyuma mpaka akamgusa kifua, akaanza kuimba. Nilisimama na chai yangu iliyopoa nikaona uso wa mwanangu unabadilika, taratibu, pale sauti ya wimbo ilipomfikia kifuani. Kiti changu kilikuwa kimechukuliwa tena, na safari hii sikumwomba Yezu akirudishe.